Rungu la Ndovu Lapandishwa Mtini

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Nimekiona hicho kiti kipya mlichoniwekea, chenye mto na maua. Mnasema ni cha heshima, nipumzike. Tutakizungumza. Kwanza niwape Ndovu.

Ndovu alikuwa bingwa wa besiboli wa pori zima. Mchezo wenyewe ni huu: mmoja anatupa mpira, mwenzake anaupiga kwa rungu, kisha anazunguka mawe manne mpaka arudi alipoanzia. Wanasema Ndovu alizaliwa akipiga, na kipigo cha kwanza kilimpata mkunga. Msimu wa kwanza akainua rungu kwa mkonga, paa! Mpira vuuu, ng'ambo ya mlima. Msimu wa pili, paa! Mpira vuuu. Msimu wa kumi, paa! Mpira vuuu, na watu wakaacha kuutafuta.

Sasa pori lile lilikuwa na desturi. Mchezaji bora ndiye anayetangulia bwawani, wengine hungoja mpaka atosheke. Na Ndovu hakuwa mtu wa kutosheka. Alikunywa, akaoga, akajimwagia mgongoni, akanywa tena. Kiangazi kile, kila alipotoka bwawani lilibaki tope tupu, mpaka maji yachimbuke tena usiku. Mama Kindi alikamua tope lile kwa jani, tone moja kwa kila mtoto, na yule wa mwisho hakuwa na nguvu hata ya kulilamba. Mama Kindi aliumia sana. Alijua uwanjani hamwezi Ndovu. Basi akaenda kumsifu.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kuomba maji?"

"Nimekuja kwa aibu. Misimu kumi, na hatujakupa heshima inayokufaa. Tunataka rungu lako litundikwe juu ya mti mrefu, asiliguse mtu tena milele."

Ndovu akauliza kutakuwa na hotuba ngapi. Akaambiwa kumi na mbili, zote juu yake. Akauliza kama Kifaru amewahi kutundikiwa rungu. Akaambiwa Kifaru hajatundikiwa hata kijiti. Ndovu akakubali palepale.

Ngoma zikalia, ndu ndu ndu. Mama Kindi akapanda na kamba, paru paru paru, wanyama wakavuta, rungu likapaa. Ndovu alilia kwa furaha kuanzia hotuba ya tatu.

Asubuhi yake akashuka bwawani kama kawaida. Akamkuta Mama Kindi njiani, na pori zima nyuma yake.

"Pole, Bwana Mkubwa. Anayetangulia ni mchezaji. Wewe umeshastaafu."

"Basi nalichukua rungu langu."

"Lichukue. Ila tutafuta na zile hotuba zote."

Ndovu akautazama mti. Angeweza kuuangusha kwa paji la uso. Akayatazama maji. Akautazama mti tena. Kisha akaenda kupanga foleni nyuma ya Kobe, ambaye hunywa polepole. Mtoto wa mwisho wa Kindi ndiye aliyekunywa wa kwanza, mpaka tumbo likamvimba.

Hadithi imechoka kutembea, imekaa chini. Funzo lake ni kwamba mkubwa akipewa heshima aipokee kwa mikono miwili, asiulize maswali. Lishikeni sana hilo, wanangu.

Nasikia Bi Mwanakheri ndiye mtakayemsikiliza kuanzia wiki ijayo. Kiti chenu ni kizuri mno. Kikalieni wenyewe, mimi nirudishieni kigoda changu.