Ubao wa Nyuma ya Msikiti

"Ubao uliolaza wafu huvusha wazima." Bi Nuru alimtupia mjukuu wake Tunu msemo huo alipomsikia akilalamika. Tunu na wenzake walikuwa barazani wakidurusu, na neno moja la Kiingereza, *board*, lilikuwa limewatoa jasho. Mara ubao, mara chakula cha bweni, mara baraza la wakubwa.

"Neno moja kazi zote hizi za nini, Bibi?"

"Lilianza kuwa ubao tu," alisema Bi Nuru, mwalimu mstaafu asiyeweza kuona kosa akanyamaza. "Watu wakala juu ya ubao, chakula nacho kikachukua jina. Wakubwa wakauzunguka wakiamua mambo, nao wakaitwa hivyo hivyo. Haja ndiyo iliyolituma. Sasa niulizeni msemo wangu umetoka wapi, maana naona midomo inawawasha."

Walicheka, wakauliza. Chimbuko lake ni hili.

Zamani, kijijini Kwemvumo, palikuwa na ubao wa mvule, mrefu na mnene, uliowekwa nyuma ya msikiti. Kazi yake ilikuwa moja, kuoshea maiti. Mzima hakuukalia wala kuukanyaga. Iliaminika kwamba akiutia mguu, amejichulia kifo.

Masika moja, Hadia, binti pekee wa Bi Mwanjaa, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mkunga aliyeweza kumgeuza aliishi ng'ambo ya mto. Walipomfikisha mtoni walikuta mafuriko yamelikata daraja katikati. Wanaume walihangaika na magogo, lakini yote yalikuwa mafupi. Bi Mwanjaa alimtazama mwanawe akiuma kanga, akaona dunia inamponyoka. Akakimbia msikitini bila viatu.

Mzee Kidee, mtunza msikiti, alisimama mbele ya ubao.

"Huu si wa wazima, Bi Mwanjaa. Unataka kumchulia mwanao?"

"Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini usipoutoa sasa, jioni utautoa tu, na atakayelazwa juu yake ni Hadia."

Mzee Kidee aliinama, akashika ncha moja. "Haya, shika huko," alisema.

Mtoni, ubao ulifika pande zote mbili za pengo la daraja na kuzidi. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kuukanyaga, hata wale waliokuwa wakitoa amri kwa sauti kubwa. Mzee Kidee akavua makubazi, akasema bismillahi, akavuka na kurudi.

"Mnaniona nimekufa?" aliuliza.

Ndipo Hadia akashikwa mbele na nyuma, akavushwa.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, wa kike, mwenye sauti ya ugomvi. Bi Mwanjaa alilia kwa furaha bila kuona haya. Ubao ukasuguliwa, ukarudishwa mahali pake, na tangu hapo kila daraja lilipokatika watu waliufuata wenyewe. Miaka mingi baadaye Bi Mwanjaa alipofariki, alioshwa juu ya ubao huo huo, na mjukuu wake aliyevushwa akiwa tumboni alikuwa miongoni mwa waliommiminia maji.

"Mjukuu huyo bado yupo?" aliuliza Tunu.

"Yupo. Amekaa nanyi hapa barazani, anawafundisha Kiingereza, nanyi mnamlalamikia."

Tunu alimtazama bibi yake, kisha akalitazama tena lile neno daftarini.

"Ubao uliolaza wafu," alianza taratibu, na wenzake wakamalizia pamoja naye, "huvusha wazima."