Kitabu cha Nungunungu Kilichopigiwa Mbiu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na Kiboko akijiita mwenye bwawa, paliishi mwandishi mmoja aitwaye Bi Nungunungu. Msicheke. Mwandishi gani mwingine mnayemjua aliyeota kalamu mgongoni?

Alikuwa mdogo wa umbo, mkubwa wa maneno. Alikwisha kuandika vitabu sita kwenye majani ya mgomba, vyote vya kuwatetea wanyonge. Cha sita kilikuwa na majani tisini, na neno "mfumo" lilikuwamo mara mia mbili. Wanyonge walikipenda sana kitabu hicho. Walikitumia kufungia kashata.

"Dada Nungu," jirani yake Digidigi akamwambia siku moja, "vitabu vyako vizuri, lakini mimi nikifika jani la pili nasinzia. Na humu ndani sina tone la maji."

Hakuwa akitania. Ulikuwa mwaka wa ukame, na sheria ya Kiboko ilikuwa moja: asiyemng'olea magugu tangu alfajiri mpaka adhuhuri, hanywi. Digidigi alikuwa na mtoto mchanga na mguu uliovunjika. Siku tatu hajang'oa hata gugu moja, na maziwa yalikuwa yanamkauka.

Nungunungu aliona haya. Miaka yote hiyo aliandika habari za kiu, na hakujua kwamba nyumba ya pili kuna mwenye kiu. Akachomoa mwiba mgongoni, chopo! Akaandika jani moja tu:

"Kiboko hakuchimba bwawa. Kiboko hakuleta mvua. Tukiingia wote kwa pamoja, Kiboko hawezi kutufukuza wote."

Akambandikia Digidigi mlangoni. Wino haujakauka, huyo Fisi, karani wa Kiboko, kafika. Pua yake ilijua harufu ya mzoga na harufu ya uchochezi.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi, karani," Nungunungu akasema. "Ni kitabu changu cha saba."

"Kimepigwa marufuku!"

"Tangu lini? Mimi sijasikia mbiu."

Desturi ya mji ule ilikuwa hivi: sheria isiyopigiwa mbiu asubuhi tatu mfululizo si sheria. Na mbiu ikilia, wanyama wote lazima wasimame ukingoni mwa bwawa, hata mgonjwa abebwe. Mpiga mbiu akitamka, wao wanarudia neno kwa neno, asije mtu akasingizia kwamba hakusikia. Kiboko ndiye aliyeianzisha desturi hiyo, maana alipenda kusikia sheria zake zikiimbwa na mji mzima.

Basi Fisi akamkokota Nungunungu mpaka kwa Kiboko.

"Bwana Mkubwa, huyu kaandika maneno mabaya."

"Tangaza kwamba kitabu chake ni marufuku," Kiboko akasema, tope limemfika shingoni. "Kisha mng'oe miiba yote. Tuone ataandika na nini."

Nungunungu akainama kwa adabu. "Sawa, Bwana Mkubwa. Ila nina vitabu saba. Kipi ndicho marufuku?"

"Hicho kibaya!"

"Vyote vibaya, Bwana. Waulize wauza kashata. Sasa kesho mtu atakutwa na maneno haya, aseme alidhani mlikataza yale ya majani tisini. Mtamwadhibu kwa sheria gani?"

Fisi akakuna sikio. "Bwana, pengine tunyamaze tu..."

"Ninyamaze nina nini? Mimi Kiboko nimwogope kijinungu?" Kiboko akapiga maji kwa hasira. "Kasuku! Yatangaze yote, neno kwa neno, kila mtu ajue asiloruhusiwa kulisema! Miiba atang'olewa asubuhi ya tatu, mbiu ikiisha."

Kasuku, mpiga mbiu, hakuwahi kufikiria neno lolote alilolisema. Ndiyo maana alipewa kazi hiyo.

Asubuhi ya kwanza, puuu! Mji mzima ukakusanyika.

"Ni marufuku kusema kwamba Kiboko hakuchimba bwawa!" Kasuku akatamka.

"Ni marufuku kusema kwamba Kiboko hakuchimba bwawa," wakarudia, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa maneno, huku wakipiga miayo.

Asubuhi ya pili miayo haikuwapo. Mzee Kobe alirudia maneno yote, kisha akamwuliza Ngiri taratibu, "Kwani nani alilichimba?"

"Mimi nimelikuta," Ngiri akajibu.

"Na mimi nimelikuta. Na nimemzidi Kiboko umri."

Asubuhi ya tatu Fisi alisimama kando ya Nungunungu na koleo mkononi. Digidigi alibebwa mgongoni kwa Ngiri, mtoto kifuani, ulimi wa mtoto umekauka.

"Ni marufuku kusema kwamba tukiingia wote kwa pamoja, Kiboko hawezi kutufukuza wote!" Kasuku akamalizia.

Mji ukarudia, safari hii kwa sauti moja.

Digidigi akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Jamani," akasema, "mbona tuko wote?"

Chubwi! Ngiri akatangulia naye majini. Chubwi, chubwi, chubwi! Kiboko akanguruma, akamfukuza mmoja, wakaingia kumi. Akageukia kumi, wakaingia mia. Akamwita karani wake. Karani alikwisha kutupa koleo, na alikuwa anakunywa.

Nungunungu akapanda juu ya jiwe, akakohoa, akaanza, "Ndugu zangu, tukiuchambua mfumo..."

Hakuna aliyegeuka. Mtoto wa Digidigi alikuwa ananyonya. Nungunungu akamtazama, akafunga mdomo, akashuka kunywa maji.

Anaandika kitabu cha nane sasa, majani mia. Wauza kashata wanakisubiri kwa hamu.

Nanyi shikeni hili, wanangu: asiyetaka neno lienee, asilipigie mbiu.