Mtaimbo wa Mwanamvua

Sogeeni, jamani, na mwenye usingizi akalale, hadithi hii haimsubiri mtu.

Palikuwa na kijiji juu ya jabali la pwani. Kila kijana alipooa, wanakijiji walikwenda kwenye mwamba ule mawimbi yanapovunjikia, wakachimba mawe ya kumjengea nyumba. Harusi zikazidi, mwamba ukapungua.

Ndipo zimwi la bahari likaja. Mara ya kwanza likala mchanga wote. Mara ya pili likala minazi. Mara ya tatu likafukua chini ya jabali mpaka pakawa pango, na ukingo ukaporomoka hadi mlangoni kwa mjane Mwanamvua.

Mwanamvua akatoka na mtaimbo. "Nani kakufungulia?"

"Ninyi wenyewe," likasema zimwi. "Ule mwamba ndio ulionizuia. Mmeubomoa, mkajengea kuta."

Maji yalipokupwa, Mwanamvua akaanza kubomoa nyumba yake kwa mtaimbo ule, akabeba mawe kichwani na kuyarudisha mwambani.

"Shoga, umerukwa na akili?" akauliza jirani yake, Bi Kazija. "Utalala wapi?"

"Nipishe. Maji yanarudi."

Akabeba hadi jiwe la mwisho. Zimwi likaja, likapiga, likapiga, likapiga, lisipite. Likatema povu, kisha likageukia upande wa Bi Kazija, likaanza kufukua.

Mwanamvua hakuwa na nyumba, ila kiwanja chake kilikuwepo. Bi Kazija akaitazama nyumba yake, iliyopakwa chokaa juzi tu, akanyoosha mkono.

"Nipe huo mtaimbo."