Kihispania cha Mlangoni

Mtaka cha mvunguni halazimiki kuinama. Na akanunue kitanda kirefu. Hivyo ndivyo Anfal binti Muhiddin alivyoigeuza methali ya wahenga, na aliiishi kama alivyoigeuza. Kila chombo cha kumwepusha na kuinama alikuwa nacho. Alikuwa na programu ya Kihispania kwenye simu, kamusi nene kama tofali, na kadi za rangi: nomino za kiume buluu, za kike waridi, na vitenzi vikaidi nyekundu. Alikaa nyuma ya duka la baba yake la manukato na mabuibui, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, feni ikimpepea, akijifunza lugha ya watu bila kumsemesha mtu yeyote.

Tangu chekechea Anfal alisomeshwa katika shule za Kiingereza, na Kiingereza kilimganda kama kupe. Aliota kwa Kiingereza, alikasirika kwa Kiingereza, hata hesabu aliipiga kwa Kiingereza. Kiswahili alikitumia kama mlango wa uani, wa kupitishia shida ndogo ndogo. Alipoanza Kihispania, kila neno alilipitisha kwanza kwenye Kiingereza, kama kontena la bandarini linalongoja kibali. Vitenzi vilimtoa jasho. Kwa Kiingereza mtenda hutangulia, na kitenzi humfuata nyuma kikiwa karibu kilekile kwa kila mtu. Kihispania hakikubali uvivu huo. Nikinunua mimi, kitenzi kina mkia wake. Ukinunua wewe, kina mkia mwingine. Tukinunua sote, kimebadilika tena. Tena kina jana mbili: jana iliyokwisha, na jana iliyokuwa ikiendelea. Anfal alikariri yote hayo mpaka macho yakawa mekundu kama kadi zake.

Hakujisumbua bure. Kampuni moja ya utalii, yenye ofisi mjini kati, ilikuwa ikitafuta mtu wa kuwatembeza wageni wa Kihispania jijini. Nafasi ilikuwa moja tu, na Anfal aliitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji. Katika mtihani wa kuandika aliwaacha wenzake mbali. Kisha akaitwa kwenye usaili wa mdomo.

Msaili alikuwa Pilar, mwanamke mchangamfu kutoka Hispania. Alimkaribisha Anfal, akamuuliza kwa Kihispania, "Jana ulifanya nini?"

Jana ipi? Iliyokwisha au iliyokuwa ikiendelea? Anfal alifungua mdomo, ukajifunga wenyewe. Aliziona kadi zote kichwani, nyekundu tupu, lakini hakuna iliyotoka. Pilar aliiweka kalamu chini, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza:

"Mimi nasema Kiswahili baya, lakini nasema. Wewe najua Kihispania zuri, lakini hapana sema. Rudi mwisho ya mwezi. Mara moja tu."

Anfal alirudi Kariakoo uso umemshuka. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa Fortunata, mama wa Kichaga aliyeuza mashuka kwa jumla katika duka la ng'ambo ya mtaa. Mikono yake ilijaa bangili na kinywa chake kilijaa maneno.

"Shikamoo, Mama Steven."

"Marahaba, binti Muhiddin. Mbona umenuna kama umelishwa shubiri?"

Anfal alimsimulia. Fortunata alisikiliza huku akikunja shuka, kisha akauliza, "Baba yako alikusimamisha mlangoni lini?"

Kariakoo ina desturi yake. Muuzaji mpya, awe mtoto wa tajiri au wa kuokotwa, siku ya kwanza hagusi bidhaa. Husimamishwa mlangoni aite wateja mpaka sauti ikwaruze, na mtaa mzima humcheka. Akistahimili, kesho yake huingia ndani.

"Mimi si muuzaji, Mama Steven," Anfal alijibu.

"Ndiyo maana huna sauti. Steven wangu alisimama hapa na digrii yake mkononi. Alilia! Kesho njoo uite wateja wangu kwa hicho Kihispania chako."

"Hakuna atakayeelewa."

"Vizuri. Basi hakuna atakayejua umekosea. Unaogopa nini?"

Swali hilo lilimkesheza Anfal. Asubuhi alivuka mtaa, akasimama mlangoni kwa Fortunata, buibui lake likiwa limenyooshwa vizuri. Sauti ilimtoka kama ya kifaranga kilichonyeshewa mvua.

Uledi, mvuta mkokoteni, alisimamisha mzigo wake. "Dada, unaita wateja au unawaombea dua?"

Kicheko kikalipuka. Wauza viatu wakacheka, muuza kahawa akacheka, Fortunata mwenyewe akacheka mpaka bangili zikalia. Anfal alitamani ardhi ipasuke immeze. Machozi yalimlenga, lakini nyuma yake zikaja hasira, na kwa hasira hizo akapaza sauti:

"¡Compro! ¡Compras! ¡Compra!"

"Ndiyo nini hiyo?" Uledi aliuliza.

Uledi hakujua Kiingereza, kwa hiyo Anfal hakuweza kukipitia. Ilimbidi aruke moja kwa moja. "Nanunua," akasema. "Unanunua. Ananunua." Akajishangaa. Kumbe lugha aliyokuwa ameiacha mlango wa uani nayo humbeba mtenda ndani ya kitenzi, kama mama ambebavyo mwana mgongoni. Alikuwa kama mtu wa Kariakoo anayezunguka Buguruni kwenda Mnazi Mmoja, na Mnazi Mmoja i hapo hapo jirani!

Uledi alikwisha kulidaka neno. "Kompro, kompras, kompra! Haya shuka, haya shuka!" Alisukuma mkokoteni huku akiimba, na kufika kona ya mtaa wabeba mizigo wenzake walikuwa wakimwitikia.

Siku zilizofuata hazikuwa tamu. Koo lilimkauka, na watoto wa shule walimwiga mbele ya uso wake. Kila jioni Fortunata alikaa juu ya robota la mashuka, akamtaka Anfal asimulie siku nzima kwa Kihispania, ingawa mwenyewe hakuelewa hata neno. Anfal akisita kuchagua kitenzi, Fortunata alipiga kaunta kofi.

"Endelea! Mteja anaondoka!"

"Sijui kama nimesema sawa, Mama Steven."

"Nami sijui. Endelea tu!"

Basi Anfal aliendelea. Alikosea jana mbili, akazichanganya, akarudi usiku kuuliza kamusi, na asubuhi akasimama tena. Makosa yalipungua kama sabuni inavyopungua, bila mtu kuona.

Lakini Kariakoo haifichi jambo. Mtu alimrekodi kwa simu, na video ikafika kwa ami yake Yasser, mdogo wake Muhiddin na msemaji wa ukoo. Ami Yasser alikuja dukani amefura kama andazi la moto.

"Kaka, binti yako anapiga debe mlangoni kwa watu! Tuna maduka matatu, yeye anamwitia mwingine wateja wa mashuka! Watu wanatucheka."

Muhiddin alikuwa mpole, mtu wa kupima maneno kama apimavyo mafuta ya udi. Alingoja mpaka ndugu yake aondoke. "Mwanangu," alisema, "watu wanasema."

"Wanasema, baba. Mimi ndiye niliyekuwa sisemi."

Muhiddin alirudi kupanga chupa zake. Hakumkataza.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Anfal alikatiza viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu akielekea mjini kati. Kadi zake za rangi alikuwa ameziacha nyumbani. Pilar alimpa kiti, safari hii akamwambia kwa Kihispania, "Niambie habari za mtaa wako."

Neno la kwanza liligoma. Akalivuta. La pili likafuata, na baada ya hapo Mtaa wa Sikukuu wote uliingia ofisini: harufu ya udi dukani kwa baba, makelele ya mikokoteni, Mama Steven na bangili zake, Uledi aliyeangusha mzigo wa sahani jana zikavunjika. Hapo kwenye kuvunjika Anfal aliteleza.

"Rompido," alisema.

"Roto," Pilar alimsahihisha.

Zamani neno hilo moja lingemziba kinywa. Sasa aliliokota, akalipangusa vumbi, akaenda nalo: "Roto. Sahani zote. Uledi akasema wa kulaumiwa ni barabara." Pilar aliangua kicheko, akauliza Uledi alifanya nini baadaye, na Anfal akamjibu, akakosea tena mahali, akajisahihisha mwenyewe. Walizungumza mpaka msaidizi akabisha hodi kukumbusha kuwa wengine wanangoja. Kabla ya jua kutua alipigiwa simu. Nafasi ilikuwa yake.

Ijumaa baada ya swala ukoo ulikutana nyumbani kwa Muhiddin. Sinia za biriani zilikuwa zimeshaandaliwa. Kila mtu alimpongeza Anfal, na hata ami Yasser alimpa mkono. Kisha akainua kidole kabla watu hawajanawa mikono.

"Hongera, mwanangu. Umetutoa kimasomaso. Sasa limebaki moja. Waombe radhi wazee wako kwa ile aibu ya mtaani, tuimalize, tule."

Muhiddin aliangalia sinia. Shangazi mmoja alimkonyeza Anfal, yaani sema tu, mwanangu, neno moja halivunji mfupa.

Anfal aliketi vizuri. Sauti yake haikupanda, wala haikutetemeka.

"Ami, heshima yako iko juu ya kichwa changu. Nikikukosea, nitakupigia magoti. Lakini pale mlangoni sikumtusi mtu, sikuvua stara, sikuchukua cha mtu. Nilikosea vitenzi, na vitenzi havina ukoo."

"Kwa hiyo huombi?"

"Siombi, ami. Leo siombi na kesho siombi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikitaka, nikainama."