Sharti la Vipindi Viwili

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, mziweke mapajani. Nina mfano. Na yule mzee wa kanisa anayeangalia saa pale nyuma namwona. Asiwe na wasiwasi, chakula chake atakikuta cha moto.

Kulikuwa na madiwani wawili katika jiji moja kubwa. Jiji gani, halituhusu. Mmoja alikuwa mrefu, mwenzake mfupi, basi tuwaite hivyo hivyo, Mrefu na Mfupi. Msicheke. Kimo changu mnakijua, na bila hiki kijukwaa ninachosimamia mngekuwa mnahubiriwa na kipara peke yake.

Walikulia mtaa mmoja, wakasoma shule moja, wakawa wajumbe wa serikali ya mtaa pamoja. Udiwani waliupata mwaka mmoja, kila mtu kwenye kata yake, wakaapa siku moja. Tai aliyovaa Mfupi siku ile alifungiwa na Mrefu, maana mwenyewe hakujua kufunga. Baada ya hapo wakaanza kupishana ngazi. Mrefu akapewa uenyekiti wa kamati ya mipango miji. Kipindi cha pili akawa naibu meya. Na Mfupi? Mfupi alikuwa diwani. Tena diwani mzuri, tuseme ukweli. Mitaro ya kata yake ilizibuliwa kabla ya mvua, soko lake lilikuwa na choo kinachofungwa mlango. Watu wake walimpenda. Lakini hayo yeye hakuyaona. Alichokiona ni kile kiti cha mbele, na nani amekikalia.

Wivu, wapendwa, ni kazi ya kutwa na haina likizo. Mfupi akifungua redio, anasikiliza kama jina la Mrefu litatajwa. Lisipotajwa hana raha, anasubiri habari za saa saba. Likitajwa ndiyo kabisa, chai haishuki. Akienda msibani, badala ya kulia anaangalia nani kaletewa kiti kwanza. Siku moja mkewe alikaanga samaki, akasema tu, "Samaki hawa hata naibu meya anawapenda." Mtu akasukuma sahani. Mmewahi kukosa hamu ya kula kwa sababu mwenzenu ameshiba? Mimi nimewahi.

Ukaja uchaguzi wa tatu. Wote wawili wakarudi, lakini wakongwe wengi walianguka, na baraza likajaa wageni. Sasa akatakiwa meya. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe, na kwa kuwa chama chao kilikuwa na viti vingi, yeyote atakayepitishwa kwenye kikao cha madiwani wa chama, huyo ndiye. Jiji zima lilisema ni Mrefu.

Wiki ya kikao, Mrefu akaenda nyumbani kwa Mfupi. Mfupi akamwona dirishani akifungua geti, akamwambia mkewe, "Mwambie sipo."

Mkewe akasema, "Baba Tumsifu, viatu vyako viko mlangoni."

"Mwambie nimetoka na ndala."

Mama wa watu akaenda akausema uongo ule, macho ameyainamisha. Mrefu akaviangalia vile viatu, akasema, "Haya, shemeji. Mwambie nilikuja kwa lile suala la umeya." Kesho yake akaja tena, akaambiwa yale yale.

Kule ndani Mfupi anasikia kila neno. Akajiambia: anakuja kuniomba kura. Miaka yote hii amekaa juu yangu, sasa anataka nimpandishe tena kwa mkono wangu mwenyewe. Hapati.

Sikilizeni alichoamua, maana ndipo ulipo ugonjwa. Hakuamua kugombea. Umeya alishaukatia tamaa zamani. Angekuwa anautaka, pengine angepona. Alichotaka ni kimoja tu, Mrefu akose.

Akawazungukia wale wageni, mmoja baada ya mwingine. "Ninyi mtapiga makofi mpaka lini? Wakongwe wanapeana vyeo wao kwa wao. Tuweke sharti: aliyemaliza vipindi viwili barazani asigombee umeya. Apishe damu mpya." Wale wageni, ambao hata choo cha jengo walikuwa bado wanakiulizia, wakafurahi sana.

Binti mmoja tu kati yao ndiye aliyeuliza, "Na wewe mzee, sharti hilo si litakubana?"

"Mimi sina shida na vyeo, mwanangu," akajibu. Tena alivyosema hivyo akajiona mnyenyekevu hasa.

Siku ya kikao ikafika. Saa nne asubuhi watu wameketi, Mrefu hayupo. Mfupi akaona Mungu amemfungulia njia. Tunapenda sana kumsingizia Mungu. Akanyoosha mkono, akalitoa sharti lake kwa maneno matamu kuhusu vijana na kesho ya jiji. Mwenyekiti akauliza wanaokubali, mikono ikawa mingi kuliko inayokataa. Katibu akaandika kwenye muhtasari jina la mleta hoja, na kwamba hoja imepita.

Hata nusu saa haikuisha, mlango ukafunguliwa. Akaingia Mrefu, polepole, amemshika mkono diwani mmoja wa viti maalumu, mama mtu mzima aliyekuwa amevunjika mguu. Mguu ulikuwa bado umefungwa hogo la plasta. Lifti ya jengo lile ilikuwa mbovu, kwa hiyo naibu meya wa jiji alikuwa amempandisha mama huyu ghorofa tatu, ngazi kwa ngazi. Shati lilikuwa limelowa jasho.

"Mwenyekiti, nisamehe kwa kuchelewa," Mrefu akasema. "Kura huwezi kumtuma mtu akupigie, ndiyo maana nilimfuata mama. Mimi sigombei. Nilichopewa kinatosha. Nimezungumza na wakongwe wenzangu wote, tumekubaliana, na mama huyu alikuwa amebaki. Tunampendekeza ndugu yangu yule pale. Mvua zikinyesha jiji zima linaogelea, kata yake haifuriki, na hakuna siku tuliyomwambia ahsante. Nilikwenda kwake mara mbili nimweleze, sikumkuta."

Akamwonyesha Mfupi.

Pale ukumbini watu wakawa wanaangalia meza. Mwenyekiti akakohoa. "Ndugu yangu, tumepitisha sharti sasa hivi. Aliyemaliza vipindi viwili hagombei."

"Sharti hilo kaleta nani?"

Mwenyekiti akamgeukia katibu. Katibu, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akasoma jina.

Yule mama alikuwa bado hajapata hata kiti. Akageuka na mguu wake, akamtazama Mfupi, akamuuliza taratibu tu, bila ukali, "Mwanangu, ulikuwa unamzuia nani?"

Mrefu akaomba sharti lifutwe. Wale wageni wakakataa, hoja imepita kihalali, na walishaonja madaraka. Ilipofika adhuhuri chama kilikuwa na mgombea wake, kijana aliyeingia barazani mwezi ule ule. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini Mrefu alimfuata Mfupi koridoni, akamwambia pole, ndugu yangu, wamekuonea. Alikuwa bado hajaelewa. Na pole ile, wapendwa, Mfupi aliondoka nayo nyumbani na akaishi nayo.

Sasa sisi.

Mtasema, mchungaji, sisi hatugombei umeya. Kweli. Sisi tuna uongozi wa kwaya. Tuna umoja wa kina mama, na nani anasoma matangazo, na harusi ya nani ilijaza watu. Tunatunga kanuni nzuri kabisa kwa nia mbaya, tunaziita utaratibu. Tukiulizwa tunasema hatuna shida na vyeo. Na hatuna, ni kweli. Shida yetu ni mwenye nacho. Kila Jumapili tunapiga magoti hapa tunaomba baraka, halafu Mungu anaziweka mkononi mwa yule yule tusiyetaka kumwona, anazileta mpaka mlangoni, na sisi tumejificha chumbani. Halafu tunalalamika kwamba Mungu ana upendeleo.

Nani huyo kwako? Usimtaje. Umeshamkumbuka, nakuona.

Nilisema mimi nimewahi, basi nimalizie. Mchungaji wa usharika wa ng'ambo ya reli nilisoma naye chuo. Tulibarikiwa siku moja, tukapigwa picha moja. Leo yeye ni mkuu wa jimbo, kanisa lake lina paa jipya, na sisi hapa mvua ikinyesha tunahamisha viti. Wiki hii amenipigia simu mara tatu. Sikupokea hata moja. Nilijiambia anataka kunialika nikaone lile paa. Mfano huu niliutunga Alhamisi, nikidhani nawatungia ninyi.

Kwaya, simameni. Imbeni wimbo mmoja, mrefu kidogo. Mimi natoka nje mara moja kupiga simu.