Mpira Uliokaribishwa

Mtu mmoja alikuwa na vijana wawili na nafasi moja. Mtu huyo ni mimi, Mwakibete, sina haja ya kujificha. Shule sikukanyaga, jina langu nalichora kama mtu anayeua nyoka, lakini kwa kutazama kijana anayecheza, kuanzia Tukuyu mpaka mpakani Kasumulu hakuna jicho kama hili. Nikimwona mtoto anavuka barabara nakwambia atacheza nafasi gani na ataoa mwaka gani.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Aliuleta mwalimu mmoja Mjapani, na alipoondoka akaniachia mimi magongo, glavu na uwanja, maana alipotazama kulia na kushoto hakuona mwingine. Sio mchezo mgumu. Mtu anasimama mahali panapoitwa nyumbani, anaupiga mpira kwa gongo, anakimbia. Anapita kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, anarudi pale pale nyumbani. Akifika anahesabiwa. Akitolewa njiani, amekimbia bure. Na mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, aliyeupiga ametoka. Kwa hiyo kituo cha tatu ndicho kinachotazamana na mlango. Anayekilinda analinda nyumba.

Timu nyingine zilikuwa hazina hata mlinzi mmoja wa maana hapo. Mimi Mungu alinipa wawili. Mmoja Asajile, mwanangu wa kumzaa. Mwingine Lugano, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemchukua Kyela akiwa na miaka saba, siku ile ile tuliyomzika mama yake. Wamepishana miezi minne. Lugano alikuwa na mkono. Akitupa mpira kutoka cha tatu kwenda cha kwanza, unasikia kwanza kishindo kwenye glavu ya mwenzake, halafu ndiyo unaona mkono wake unashuka. Kunguru walihama ule uwanja, waulize. Asajile alikuwa na miguu na kifua. Mpira wa chini haukuwahi kumpita. Asipoushika kwa glavu anauzuia kwa tumbo, kwa goti, na mara moja kwa jino, na hilo jino tulilitafuta kwenye nyasi siku mbili.

Mji ukagawanyika. Kwa kinyozi watu walinyolewa upande mmoja wakasimama kubishana. Sokoni mama wa ndizi ananishika shati, "Mwakibete, hebu sema leo, yupi zaidi?" Na jibu langu lilikuwa moja, kwa sauti ya kufika Ileje: Lugano. Nilimsifia Lugano mpaka koo likakauka, na Asajile yuko pale pale, amebeba magongo, anatazama viatu vyake. Sikuwa na nia mbaya. Niliogopa midomo. Kwetu ukilea mtoto wa marehemu, jirani anahesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mtoto huyo kuliko anavyohesabu kuku wake. Nikaapa kwamba hakuna atakayesema Mwakibete anabagua. Kwa hiyo Asajile nilimgombeza asubuhi na jioni, kama baba anavyomgombeza wa kwake. Lugano sikumwinulia sauti hata siku moja. Alipovunja kioo cha pikipiki ya mchungaji nilimwambia, "Mkono mzuri huo, mjomba."

Na mezani niliweka sheria. Chakula kikitengwa, Asajile asiguse mpaka amwambie mwenzake karibu. Nilimfundisha tangu siku ya kwanza, nikamwambia mwenzako hana mama. Basi miaka kumi na moja, mchana na jioni, Asajile alisema, "Karibu." Na miaka kumi na moja Lugano alijibu, "Asante, anza wewe." Mke wangu Subilaga alikuwa akiwatazama hivi, anasema, "Hawa mbona hawagombani?" Mimi najibu kwamba hiyo ni adabu, maaskofu wenyewe waje wajifunze. Hata kazi, Lugano hakuwahi kutumwa. Kabla hujafungua mdomo kuni zimeshapasuliwa, maji yameshachotwa, banda limeshafagiliwa. Nikaita bidii. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchota maji miaka kumi na moja kwa sababu ya woga.

Ikaja siku ya kombe, sisi na timu ya Mbeya mjini. Nafasi ilikuwa moja na mimi kuchagua nimeshindwa, nikaikata vipande viwili kama Suleimani. Lugano nikamweka kituo cha tatu. Asajile nikamweka hatua kumi pembeni yake, kulinda pengo la kuelekea cha pili. Nikajiona nimeoa wake wawili na nyumba imetulia.

Watu walikuwa wengi kuliko wanaokuja kwenye mazishi ya tajiri. Tukacheza mpaka mwisho, tukiwa mbele kwa mmoja. Wao wanabakiza mtu mmoja tu wa kutolewa mchezo uishe, lakini wana wawili njiani, mmoja amesimama kituo cha tatu, mwingine cha pili. Kijana wao akaupiga mpira vibaya. Ukapanda juu. Ulipanda mpaka nikadhani utarudi na barafu. Halafu ukaanza kushuka, taratibu, mwepesi, mpira ambao bibi yangu angeudaka kwa kanga, katikati kabisa ya vijana wangu wawili. Wote wakaja chini yake. Wote wakainua glavu. Kwenye mchezo huu kuna neno moja la kusema hapo, na mwenzako akilisikia anakaa pembeni. Unapiga kelele, "Wangu." Mjapani alitufundisha hilo kabla hajatufundisha kushika gongo.

Asajile akamtazama Lugano, akashusha glavu yake, akasema, "Karibu."

Lugano akasema, "Anza wewe."

Mpira ukaanguka katikati yao, ukakaa kwenye nyasi kama yai. Wale wa Mbeya wakafika nyumbani wote wawili, wa pili anatembea. Tumefungwa. Jamaa mmoja wa bodaboda akasema, "Hawa wanacheza au wanakula? Waleteeni maji ya kunawa." Watu wakacheka mpaka wakashikana. Hata mimi nusura nicheke. Halafu nikawaona wale vijana. Walikuwa bado wamesimama vile vile, kila mmoja anamngoja mwenzake, na mpira uko chini. Kicheko kikaniishia. Maana nilijua ni nani aliyewafundisha hayo maneno.

Jioni ile jua halijazama, Subilaga ametenga wali, Lugano akaja na mfuko wake wa nguo. Akasimama mlangoni, ndani hakuingia. Akasema, "Mjomba, shangazi, nashukuru kwa yote. Kesho nashuka Kyela kwa baba wadogo. Nafasi ni ya Asajile, hapa ni kwao. Mimi nimekaa sana." Alisema vizuri, kwa heshima, macho chini. Hata kuondoka aliondoka kwa adabu.

Mimi nina mdomo. Nimewahi kumsemesha afisa wa misitu mpaka akaniachia mbao zangu na kofia yake juu. Siku hiyo ulikauka. Nilitafuta sifa ya kumpa nikaona nimeshazitoa zote, na hakuna hata moja iliyomweka ndani ya nyumba. Nilimsifia mtoto miaka kumi na moja kama mtu anavyosifia koti la jirani. Subilaga akanitazama. Lugano akaanza kugeuka.

Ndipo nikapiga meza, vyombo vikaruka, nikasema, "Weka huo mfuko chini. Ule mpira ulikuwa wako, mjinga wewe, na umeuacha uanguke, na mimi baba yako nimekasirika. Unaondoka unakwenda wapi na mimi nimekasirika?"

Akanitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye mji asikojulikana. Mfuko ukamtoka mkononi, akakaa pale pale kizingitini, mtoto wa miaka kumi na minane, mkono wa kuhamisha kunguru, akalia kama siku ile ya Kyela. Tena siku ile ya Kyela hakulia. Nilikuwa nimesahau. Alipanda gari na sisi amenyamaza, na mimi nikawaambia watu kwamba mtoto huyu ana moyo wa chuma.

Asajile akainuka akaenda akakaa naye pale chini, bega kwa bega. Akamwambia, "Na wewe leo umepata. Nilikuwa nagombezwa peke yangu humu ndani, nimechoka mwenzio." Lugano akacheka huku analia, makamasi yanamtoka, na Subilaga akamwambia ajifute, hafai, na asijifutie shati alilolifua yeye.

Nikamtazama Asajile. Kwa huyu nako nilikuwa na deni, na sikujua pa kuanzia, maana kumsifia nimesahau kunavyoanza. Nikamwambia, "Wewe. Ule mpira wa chini wa mwanzo kabisa, uliouzuia kwa kifua." Akasema, "Ndiyo baba." Nikasema, "Niliuona." Basi. Nilitaka kuongeza, mimi ninayeongeza kila kitu, nikashindwa. Aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo muda mrefu kuliko mtu anayetazama ukuta.

Mpaka leo watu wananisimamisha sokoni, yupi zaidi, mwenye mkono au mwenye kifua. Nawaambia nendeni mkamuulize mtu mwingine, mimi ni baba yao.

Lakini wewe unayenisikiliza, uliyemchukua mtoto wa ndugu yako, au mama yako mzee, au mke wa mwanao, ukamweka ndani, ukampa godoro zuri na maneno mazuri, na hujawahi kumgombeza hata siku moja: mtu huyo, anakaa kwako, au anakaa kwao?