Kwa Nini Ukurasa Huvaa Kabla ya Kufungua Dirisha

Sogeeni, ila mniachie nafasi ya kunyoosha goti. Zamani, kabla kompyuta hazijajaa wageni, waliokaa ndani yake walikuwa wenyeji tu, programu zilizozaliwa humo. Mkubwa wao alikuwa Kikokotoo, mzee wa maneno machache na hesabu nyingi. Wote walivaa sare ya mashine; skrini yake ikivaa giza, nao huvaa giza.

Siku moja akahamia Ukurasa, binti wa Mtandao. Kwao ni sokoni, na tabia za soko alikuja nazo zote. Maneno yake yalishikika ovyo. Mtu akiburuta kipanya kidogo tu, yote yanageuka bluu. Mshale ukipita juu ya kitufe chake, aliugeuza kuwa mkono, kama muuzaji anayevuta wateja. Baya zaidi, alifungua dirisha kwanza, akavaa baadaye. Weupe ukampiga machoni Bi Mwanakheri, mwenye kompyuta.

"Huyu si wa humu," Bi Mwanakheri akasema. "Akirudia, namtupa kwenye pipa."

Ukurasa alilia. Sokoni hakuwa na kwake. Mtu akimaliza kumsoma, humfunga akaenda zake. Humu ndimo alimopata pa kulala. Akamwendea Kikokotoo.

"Mjukuu wangu," mzee akamwambia, "ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Sisi hatufungui dirisha tukiwa uchi. Iulize mashine leo imevaa nini, uvae hivyo, ndipo ufungue."

Ukurasa akatii. Akayatuliza maneno yake, akauacha mshale uwe mshale, akaazima herufi za wenyeji. Asubuhi Bi Mwanakheri alifungua dirisha la Ukurasa, akafanya kazi mpaka adhuhuri, wala hakujua yuko na nani.

"Yule mgeni wa jana amekwenda wapi?" akauliza mwishowe.

"Mgeni yupi?" Kikokotoo akajibu. "Humu tupo wenyewe tu."

Ukurasa akasikia, akafurahi mpaka akasahau kulia.

Na tangu siku hiyo, watoto wa Mtandao wakihamia ndani ya kompyuta huuliza kwanza mavazi ya mwenyeji. Ndiyo maana mashine ikiingia giza nao huingia giza, na mshale haugeuki mkono. Na siku ukiona weupe ukimulika kabla dirisha halijatulia, usiudhike. Ni mwana wa soko amejisahau, kafungua mapema. Mpe nafasi avae.